INJINI IKITETEMEKA: TUTAFUTE CHANZO KABLA YA KUKATA MSHAHARA



Katika gereji moja ya hapa Bujumbura, mwenzetu mmoja aliambiwa siku ya Jumamosi kwamba ameharibu injini ya mteja, na kwamba bei ya kabureta mbili itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo mpaka iishe. Akapiga hesabu, akaona deni lile litamaliza miezi minane. Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, lenye umri wa zaidi ya miaka hamsini. Mwenzetu alikuwa amebadilisha oili na kusafisha filta ya hewa. Siku tatu baadaye mteja akarudi na malalamiko: gari likisimama, injini inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Mkubwa wa gereji hakufungua hata boneti. Alisema tu: wewe ndiye uliyeligusa mwisho.

Mfanyakazi yule alikuja kwetu jioni ile ile. Kwa kuwa mimi kabla ya kuchaguliwa kuwa delege nilishika spana miaka mingi kule Buyenzi, niliomba turuhusiwe kulichunguza gari mbele ya mkubwa wake na mbele ya mteja. Tulikubaliwa kwa shida. Naeleza hapa tulivyofanya, hatua kwa hatua, maana mambo haya hayahusu gari la tajiri peke yake. Dereva wa pikapu ya shamba, mwendesha pampu ya maji, mlinzi wa jenereta ya kiwanda, wote wanaweza kuambiwa kesho kwamba wameua injini. Mwenye kujua njia ya kutafuta chanzo ana la kujibu.

Kwanza kuhusu majina. Hapa Bujumbura tunasema buji, bobini, delko. Wenzetu wa Kigoma na Dar es Salaam wanasema plagi, koili, distribyuta. Ni vitu vile vile. Na kule kuunguruma kwa injini gari likiwa limesimama, bila kukanyaga mafuta, sisi tunakuita ralanti.

Gari hili nalo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mashindano ya Safari Rally, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na, nyuma yake, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Basi ikiwa mashimo na matope ya Kenya, Uganda na Tanzania hayakuivunja injini ile, nilishangaa kusikia imevunjwa na filta ya hewa iliyosafishwa.

Injini yake ina silinda 6 kwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Ina kabureta mbili: ya mbele inalisha silinda ya 1, 2 na 3, ya nyuma inalisha ya 4, 5 na 6. Kila silinda inahitaji vitu vitatu ili ifanye kazi: hewa na petroli vilivyochanganywa kwa kipimo, mbano wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Silinda sita ni kama watu sita wanaobeba gogo. Mmoja akiachia, gogo halianguki, lakini wote wanayumba. Kwa hiyo swali la kwanza si "tununue nini?" Swali la kwanza ni: ni nani ameachia?

Kabla ya kushika spana tuliuliza maswali. Inatetemeka ikiwa baridi au ikiwa moto? Ikisimama au ikikimbia? Ilianza lini? Ni nani aliyeigusa, na aligusa nini? Mteja alijibu kwamba inatetemeka ikisimama tu, na kwamba barabarani inakwenda vizuri. Jibu hilo peke yake lina thamani. Injini inayotetemeka katika ralanti na kutulia ikikimbia mara nyingi inavuta hewa mahali isipopaswa kuvuta. Katika ralanti injini hupitisha hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linaharibu kipimo kizima. Ikikimbia inapitisha hewa nyingi, na tundu lile halionekani. Injini inayokwenda vizuri chini lakini inakohoa ikikanyagwa, hiyo mara nyingi ina njaa ya petroli au cheche dhaifu.

Tulipomuuliza mwenzetu aligusa nini, alisema oili na filta, basi. Nilimuuliza mara ya pili, akasema hivyo hivyo. Nitarudi hapo.

Tukasikiliza bomba la moshi. Ukiweka kiganja chako mbali kidogo na mdomo wa bomba, utasikia mapigo. Yakipotea kwa mpango, kama mtu anayechechemea mguu mmoja, basi silinda moja ni mbovu. Yakipotea ovyo ovyo, leo hapa kesho pale, tafuta kitu kinachohusu silinda zote: petroli chafu, platini za delko, bobini. Wazee wana njia nyingine, ya kuning'iniza kipande cha karatasi mbele ya bomba. Karatasi ikipulizwa nje siku zote, ni vizuri. Ikivutwa ndani kidogo mara kwa mara, huenda valvu ya kutolea moshi imeungua na haifungi. Yetu ilichechemea kwa mpango, na karatasi haikuvutwa.

Kisha tukamtafuta aliyeachia. Njia ya mafundi wengi ni kung'oa waya wa buji mmoja mmoja injini ikiunguruma. Mimi siipendi, maana umeme wa bobini ni wa volti maelfu, na nimeona kijana akirushwa mkono wake kwenye feni. Zima injini, ondoa waya mmoja, ufunge ncha yake kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia, kisha washa na usikilize. Ikiwa injini imezidi kutetemeka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ikiwa hakuna kilichobadilika, umemkuta mvivu wako. Kumbuka pia kwamba njia hii ni ya magari ya zamani yenye platini. Magari ya siku hizi yenye kompyuta yanaweza kuharibika ukiyafanyia hivyo.

Ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4: kila tulipoondoa waya, injini ilikaribia kuzimika. Ya 5: ilibadilika kidogo tu. Ya 6: haikubadilika hata kidogo. Mkubwa wa gereji akasema, "Mnaona? Kabureta ya nyuma imekufa." Lakini kabureta ya nyuma ndiyo inayolisha ya 4 vile vile, na ya 4 ilikuwa nzima. Alinyamaza.

Tukatoa buji zote sita na kuzipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda zake. Buji ni barua inayotoka ndani ya silinda, usizichanganye. Yenye rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, inasema mambo ni mazuri. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi. Nyeusi yenye mafuta ya kunata inasema oili inaingia kwa kupitia ringi au valvu. Iliyolowa petroli inasema hakuna cheche. Nyeupe inasema petroli ni kidogo na hewa imezidi. Za 1, 2 na 3 zilikuwa za kahawia. Ya 4 ilikuwa na masizi ya zamani. Ya 5 ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, na ya 6 ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Tukahamisha buji ya 6 kwenye silinda ya 2, na ya 2 kwenye ya 6. Ugonjwa haukuhama, ukabaki ya 6. Basi buji haina kosa, na hakukuwa na haja ya kununua buji sita mpya. Kuhamisha kitu kutoka silinda moja kwenda nyingine hakugharimu faranga hata moja, na bado watu wengi hununua kwanza.

Mbano tuliupima kwa saa yake, buji zote zikiwa nje na mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho. Hapa kinachotazamwa zaidi si namba yenyewe, ni tofauti kati ya silinda na silinda. Iliyo chini kabisa isipungue sana kuliko iliyo juu kabisa: ikiwa moja ina 10 na nyingine ina 7, kuna ugonjwa. Ukipata moja iliyo chini, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya kichwa. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Zetu zilikuwa karibu sawa zote sita. Nafasi za valvu pia zilikuwa sawa: injini hii ikiwa moto hutaka milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Platini zilikuwa katika kipimo chake cha nusu milimita hivi. Kofia ya delko haikuwa na ufa. Ukishuku nyaya za buji, ngoja usiku, fungua boneti bila taa, uwashe injini: cheche zinazotoroka utaziona kwa macho, za bluu.

Basi cheche ipo, mbano upo. Kilichobaki ni hewa na petroli, na ni kwa silinda ya 6 hasa.

Hapo ndipo nilipomvuta mwenzetu pembeni na kumuuliza mara ya tatu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba siku ile, baada ya kusafisha filta, aliona nati ya kipimo chini ya kabureta ya nyuma imefunguliwa zaidi sana kuliko ya mbele. Kabureta ya nyuma ilikuwa inamwaga petroli. Yeye akazisawazisha zote mbili, kama alivyofundishwa. Hakusema, kwa kuwa aliogopa kwamba neno lile litamlipisha.

Ndugu zangu, mfanyakazi anayetishwa kukatwa mshahara huficha, na akificha, uchunguzi hupotea njia. Neno lile ndilo lililokuwa ufunguo. Kwa nini mtu fulani zamani aliifungua kabureta ya nyuma namna ile? Kwa sababu silinda ya 6 ilikuwa tayari inavuta hewa ya pembeni, naye badala ya kuliziba tundu akaongeza petroli ili kuifunika kasoro. Mwenzetu alipoirudisha kabureta kwenye kipimo chake halali, kasoro ya zamani ikatokea hadharani. Hakuiumba yeye, aliifunua.

Maneno hayo yalihitaji ushahidi. Tulichukua brashi na oili nzito, tukapaka polepole mahali manifoldi ya kuingizia hewa inapokutana na kichwa cha injini, injini ikiunguruma. Wako watu wanaofanya jaribio hili kwa kunyunyiza petroli. Msithubutu! Manifoldi ya moshi iko chini yake hapo hapo, nyekundu kwa joto. Oili ilipofika kwenye silinda ya 6 ilivutwa ndani, mtetemeko ukapungua kwa muda, kisha ukarudi. Mteja aliomba turudie aone mwenyewe.

Tulizima, tukangoja ipoe, tukatazama kwa kioo na tochi. Bolti ya mwisho kabisa upande wa nyuma ilikuwa imekatika. Katika injini hizi bolti za mwisho zinajulikana kwa kukatika, maana manifoldi ya moshi hutanuka na kusinyaa miaka nenda miaka rudi. Nati ya jirani ilikuwa imelegea na gasketi imeungua. Tulipotoa manifoldi tukamwonyesha mkubwa wa gereji uso wa bolti iliyokatika. Chuma kilichokatika juzi huwa cheupe, kinang'aa. Hiki kilikuwa cheusi kwa masizi, na ndani yake kutu imeota. Bolti ile ilikatika muda mrefu kabla mwenzetu hajaliona gari lile kwa macho yake.

Kazi ilikuwa kutoa kipande cha bolti, kuweka bolti mpya na gasketi moja. Kabureta mbili hazikuhitajika. Mshahara haukukatwa, na maneno ya "wewe ndiye uliyeligusa mwisho" yalifutwa mbele yetu.

Jambo la afya hapa. Gasketi za magari ya miaka ile mara nyingi zina asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni na kuleta magonjwa, kansa ikiwemo, baada ya miaka mingi. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiipulize kwa hewa ya kompresa. Ilowanishe kwanza, ikwangue ikiwa imelowa, mabaki yafungwe kwenye mfuko. Kiatu cha breki cha zamani ni vivyo hivyo. Wala injini isijaribiwe ndani ya gereji iliyofungwa milango kwa sababu ya mvua. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Baada ya gasketi tulizisawazisha kabureta. Hakuna haja ya chombo cha bei kubwa. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, usikilize mlio wa hewa. Kisha sikiliza ya pili. Milio iwe sawa. Na usisahau oili kidogo katika kile kijiti kilicho juu ya kila kabureta. Ikikauka, injini hukohoa ukikanyaga mafuta ghafla, na watu husema kabureta imekufa.

Sasa neno kuhusu petroli. Katika uhaba wa mafuta wa mwaka 2024 wengi wetu tuliona petroli ikiuzwa katika bidoni na chupa, na mara nyingi humo mlikuwa na maji na uchafu. Mwendesha pampu au jenereta akiambiwa ameua injini, na mafuta yalinunuliwa namna hiyo, achukue mafuta kidogo kutoka katika tangi mbele ya mashahidi, ayaweke katika chupa nyeupe na kuyaacha yatulie. Maji hukaa chini ya petroli, mstari wake unaonekana wazi. Ila asiyavute kwa mdomo na mpira. Petroli ikiingia mapafuni inaweza kumuua mtu.

Wenzetu wa malori ya chai na matrekta watasema, sisi tunatumia mazuti, hatuna buji. Ni kweli. Lakini swali ni lile lile, ni silinda gani imeachia, na fundi hulitafuta kwa kulegeza kidogo nati ya bomba la kila pampu ya kupulizia, moja moja. Dereva asiifanye kazi hiyo mwenyewe. Mazuti yale hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo limewakatisha watu vidole. Kazi ya dereva ni kuandika lini ilianza, ikiwa baridi au moto, moshi wa rangi gani, na alimwarifu nani. Daftari la faranga chache linatosha. Aliyearifu kwa maandishi siku ya Jumatatu hawezi kuambiwa siku ya Ijumaa kwamba alinyamaza.

Lile Datsun lilirudi tena baada ya wiki tatu. Mteja alikuwa amekwenda Gitega, na kule juu Bugarama gari likaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa. Bujumbura iko mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, Bugarama inapita mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, imepungua zaidi ya sehemu moja katika kumi, lakini kabureta ya zamani haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kutoa petroli karibu ile ile, na petroli inazidi. Hapo hakuna kilichovunjika. Mwenye kukaa juu hukaza nati ya kipimo kidogo, na mwenye kushuka Bujumbura huirudisha, la sivyo hewa itazidi na injini itachemka.

Safari hii mkubwa wa gereji alifungua boneti mwenyewe, akamwita mwenzetu, akamuuliza: "Uliiachia wapi nati hii?" Naye akafungua daftari lake, akamsomea.